Jinsi ya kumkumbusha mzee picha la kikauboi aliloliona miaka ya hamsini

Kosa la kwanza nililofanya mimi ni kumuuliza babu, "Lile picha liliitwaje?" Akanitazama weee, akarudia kahawa yake, stori ikafia hapo. Jina la Kizungu la miaka sabini iliyopita alikumbuke la nini jamani? Anachokumbuka ni steringi, adui na farasi.

Kwa hiyo usianze na picha. Nenda jioni, mpe mbukwenyi yake (salamu ya Kigogo) vizuri, halafu muulize alikuwa anatoroka na nani kwenda sinema, hela alipata wapi, alikaa mbele au nyuma. Kama kuna mzee mwenzake mwite, wakianza kubishana farasi alikuwa mweupe au mweusi wewe kaa kimya na rekodi kwenye simu (zima redio kwanza, yangu ya kwanza nimepata taarabu tupu).

Uliza pia: ukumbini au shuka limetundikwa uwanjani? Maana wakati wa mkoloni kulikuwa na magari ya serikali yanazunguka na sinema za bure, mambo ya kilimo na afya, na wazee huwa wanazichanganya.

Halafu rangi, hii inapunguza kazi sana. High Noon ya Gary Cooper, 1952, ni nyeusi na nyeupe, Shane ya 1953 ina rangi. Na akikwambia jamaa kajifunika blanketi, ana kipande cha sigara mdomoni, haongei, huyo ni Clint Eastwood, picha zile za Waitaliano zimeanza 1964, Uhuru tumeshapata. Usimcheke, we mwulize tu alikuwa ameshaoa?

Sasa kutafuta mtandaoni. Babu alisema "polisi anawasubiri majambazi, wanakuja na treni ya saa sita", mimi na akili zangu nikaandika kwa Kiingereza saa sita hivyo hivyo, siku mbili sipati kitu! Saa sita yetu ni kumi na mbili yao. Nilivyorekebisha tu, High Noon hiyo hapo juu kabisa.

Ukishaipata usimtajie jina wala usimsimulie. Muwekee kwenye tivii, simu ni ndogo kwa macho yake, sauti juu, ukae pembeni yake. Babu dakika za mwanzo alikuwa ananiuliza mambo ya mbuzi, nikajua nimepotea. Ilipofika yule mke wa polisi ameshapanda treni anamwacha mumewe, babu akanishika mkono, "Subiri, anashuka huyo." Risasi ikalia. Mama akashuka mbio.

"Si nilikwambia," akasema, akaomba nimrudishie hapo tena.