Jinsi ya kutengenezesha bodi ya saketi yako kwa bei poa ukiwa Kigoma

Wakuu habari. Mi ni fundi hapa Kigoma, wateja wangu wengi ni wavuvi wa dagaa wa Kibirizi, wanaingia ziwani usiku na taa za LED na betri ya volti 12, na kilio chao ni betri kufa mapema maana inanyonywa mpaka tone la mwisho. Nikawaundia kisaketi cha kukata taa betri ikishuka volti 11.5. Mwanzo naunga waya juu ya waya, mtumbwi ukitikiswa tu kinarudi dukani. Ndo nikahamia bodi za kuchapishwa kiwandani (ubao wenye njia za shaba badala ya waya), na nilichojifunza ni kwamba bodi yenyewe ni rahisi, hela inaliwa na makosa na usafiri.

Hatua ya kwanza, iunge saketi kwenye bredibodi (ubao wa majaribio wa kuchomeka vifaa bila kusolda) ifanye kazi. Haijawaka mezani, usiipeleke popote.

Ya pili, pakua KiCad, programu ya kompyuta ya kuchora saketi na bodi. Ni bure kabisa, haina kikomo cha ukubwa wa bodi, ukishaiweka haihitaji intaneti, ila inazidi GB 1 so ishushe usiku kwa bando la usiku. Chora saketi humo alafu bonyeza ukaguzi wa ERC (unakagua miunganisho ya mchoro), ukuonyeshe waya uliosahau.

Ya tatu hapa tulieni. Kila kifaa unakipangia matundu yake kwenye bodi, na ukikosea hapa umeumia. Mi niliweka taminali (vifungio vya waya) za milimita 3.5 kati ya mguu na mguu wakati za dukani ni 5.08, bodi zote 5 zikafika miguu haiingii. Sasa hivi nanunua vifaa kwanza, napima kwa kalipa, nikimaliza kupanga naprinti mchoro kwa asilimia 100 (printa isipunguze ili itoshe ukurasa), nabandika kwenye boksi gumu, natoboa kwa pini na kuchomeka kifaa kimoja kimoja. Karatasi moja inaokoa wiki kadhaa za kusubiri.

Ya nne, laini, yaani njia za shaba zinazopitisha umeme kwenye bodi. Za ishara milimita 0.3 zinatosha, ila njia ya taa inayovuta ampea 3 mi naweka milimita 2, maana shaba ya kawaida ni nene mikroni 35 tu, ukibana inachemka. Nafasi iliyobaki ijaze shaba iliyoungwa na hasi. Pitisha ukaguzi wa DRC (unakagua kama laini zimegusana au zimekaribiana mno) usibakize kosa hata moja.

Ya tano, toa faili za Gerber (michoro ya bodi ambayo kiwanda kinaisoma) na la matundu, weka kwenye zipu, tuma. Viwanda vya Shenzhen bodi 5 za tabaka mbili (shaba juu na chini) zinaanzia dola chache tu kama hujazidi milimita 100 kwa 100, ukizidi hapo bei inaruka. Usafiri ndo unaweza kuzidi bei ya bodi mara kadhaa, kwa hiyo mi nawasubiri mafundi wenzangu wawili watatu tunaagiza mzigo mmoja mpaka Dar, alafu unapandishwa basi.

Zikifika, kabla ya kusolda pima kwa mita ukiiweka kwenye mlio, kati ya chanya na hasi, isilie. Mara ya kwanza washa ukiwa na fyuzi ya ampea 5, na ikishakubali paka vanishi upande wa risasi, ila matundu ya taminali usiyaguse, unyevu wa ziwa unakula shaba haraka sana.