Pasipoti Kwanza, Kibali Baadaye: Kwa Wakenya wa Mbeya Wanaotaka Kupeleka Watoto Milimani

Nina miaka sita Mbeya. Nililetwa na kazi, kibali changu cha ukaazi ni Daraja B, na mtoto wetu wa pili amezaliwa hapa hapa. Nawaandikia Wakenya wenzangu tulio huku nyanda za juu kusini, na Waganda na Warundi pia, hasa wanaopanga kutoka na familia mvua zikianza kukatika.

Kwetu Aprili ni masika, watu hujifungia ndani. Huku msimu wa mvua ni mmoja tu, unaanza Novemba, na ukifika mwisho wa Aprili umeshachoka. Hayo ndiyo majira ya kuelekea kipupwe upande huu wa ikweta: asubuhi baridi, mchana jua jepesi, milima ya Uporoto kijani tupu. Usingoje Juni na Julai. Kule juu usiku huwa wa kugandisha, na mtoto aliyezoea Mombasa atalia njia nzima.

Sasa tusikilizane kuhusu karatasi na viingilio vya hifadhi, maana hapa ndipo tulipoumia.

Tulifika kwenye lango la hifadhi moja ya huku kusini, silitaji jina, saa tatu asubuhi. Tulikuwa saba kwenye gari: mimi, mke wangu, watoto wetu wawili, shangazi yangu kutoka Nyeri, na shemeji yangu wa Nakuru na kijana wake wa miaka 11. Tulipoulizwa vitambulisho nikatoa kibali cha ukaazi, cha kwangu na karatasi za familia. Nilikuwa nimekihangaikia kibali kile miezi mingi, nikadhani hakuna karatasi yenye nguvu kuliko hiyo. Karani akatazama, akaandika, ankara ikatoka na kumbukumbu namba ya kulipia. Mke wangu akalipa kwa simu hapo hapo kwa sababu nyuma yetu honi zilishaanza. Ujumbe wa malipo uliporudi ndipo tukaangalia kiasi. Ilikuwa hela ya mafuta ya kurudi, ya chakula, na kidogo ya ada ya shule.

Kilichotokea ni hiki. Viingilio vya hifadhi za taifa vina makundi matatu: raia wa Afrika Mashariki, wageni wenye ukaazi, na wageni wasio na ukaazi. Raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, sawa na Mtanzania. Makundi mengine mawili hesabu zao ni za dola. Ukitanguliza kibali cha ukaazi, umejitambulisha kama mgeni mwenye ukaazi, na karani mwenye foleni ndefu hashuki mpaka kwenye mstari wa uraia. Umejiweka mwenyewe kwenye kundi la daktari Mjerumani na mhandisi Mchina. Kwa hiyo pasipoti kwanza. Kibali kikae mfukoni mpaka kiulizwe.

Mtu pekee aliyelipa bei yake halali siku ile alikuwa shangazi, kwa sababu alitoa kipande, yaani kitambulisho cha taifa. Shemeji, pasipoti yake na ya mwanawe vilikuwa sandukuni nyumbani kwetu, mtaa wa Forest hapa Mbeya. Alikuwa ameniambia asubuhi, "Tanzania si ni jirani tu, na huyu ni mtoto, nani ataomba karatasi ya mtoto?" Shemeji, nakupenda, lakini mtoto hana kipande, na mtoto asiye na karatasi anahesabiwa mgeni wa kutoka popote. Walio chini ya miaka mitano hawalipi. Kuanzia hapo, beba pasipoti yake halisi, si picha kwenye simu. Za Kenya mnajua mnavyozipata eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, sina la kuongeza. Mtoto aliyezaliwa Mbeya msimtegemeze kwenye cheti cha kuzaliwa cha huku. Kinathibitisha alipozaliwa tu.

Jambo la pili lina uzito ule ule: soma ankara kabla ya kulipa. Angalia kundi lililoandikwa, idadi ya watu, na sarafu. Kama kuna kosa, ankara isiyolipwa inafutwa na kutolewa nyingine kwa dakika chache. Ikishalipwa, pesa imeingia serikalini na utaifuata kwa barua. Mimi niliandika barua, nikaenda ofisini mara mbili, nikaombwa barua nyingine. Hela haikurudi. Honi zipige zitakavyo, soma ankara.

Mengineyo ni mepesi: jaza mafuta mjini, laini iwe ya Tanzania na iwe na salio, makoti hata kama jua linawaka, na wageni kutoka nyumbani waje na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Kuna jambo la watu wa huku ambalo lilinichukua miaka kulielewa. Sisi tumezoea kufika dirishani na kuuliza moja kwa moja: pesa ngapi? Hapa hilo linasikika kama ugomvi. Mtanzania anataka kwanza habari za asubuhi, za nyumbani, pole na safari. Karani akikuzidi umri, ni shikamoo. Na useme "naomba", si "nataka". Zamani niliona ni kupoteza muda. Leo naona sisi ndio tuliopoteza kitu, kwa sababu mtu uliyemsalimia vizuri anakuinulia macho, na akikuinulia macho anaisoma pasipoti yako. Upande wa pili, upole huu una gharama: hakuna atakayekufokea kwamba unakosea. Watakuacha ukosee kwa heshima.

Mwaka uliofuata tulikwenda Kitulo, na tulipokelewa vizuri. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, iliyotengwa kwa ajili ya maua, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ukipitia barabara ya Iringa unageuka Chimala na kupanda kona za Hamsini na Saba. Anayetapika akae mbele. Juu ni kama mita 2,600, nyasi mpaka upeo wa macho na ukungu unaotembea. Shangazi alipiga magoti mbele ya okidi moja ya rangi ya waridi, ndogo kuliko kidole chake, yenye umande ndani ya kikombe, na mkono wake mwingine ulikuwa tayari unakwangua udongo aichukue Nyeri. Nilimshika mkono. Shangazi zetu wana moyo wa kupanda, lakini hapo using'oe hata kiazi kimoja. Viazi vya okidi vimechimbwa sana kwenye nyanda hizi na kupelekwa Zambia kutengenezwa chikanda, chakula cha huko, na askari wa hifadhi hawana mzaha na mtu mwenye udongo kwenye kucha.

Kama safari ya Kitulo ni ndefu, Ngosi, ziwa lililo ndani ya kreta, iko karibu zaidi, unaingilia Isongole, barabara ya Tukuyu. Huo ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo utaratibu wake ni mwingine, lakini pasipoti beba vile vile. Chukua kijana wa pale akuongoze. Sehemu ya mwisho mnapanda mkishika mizizi, na mwezi wa nne udongo unateleza. Mtoto wa chini ya miaka sita mwache na bibi yake.

Stakabadhi usiitupe, huangaliwa tena mkitoka. Ya Kitulo binti yangu aliikunja ndege, tukaikunjua langoni, na kila jina lilikuwa kwenye kundi lake.