Kuutafiti upanga wa Warumi wa karne za mwisho kabla ya kuufua upya

Makosa mengi ya upanga wa kuigiza hufanyika kwenye karatasi, kabla chuma hakijaona moto. Bapa (chuma chenye makali) la karne ya 3 linapewa ala ya karne ya 5 na mpini uliotoka kwenye sinema. Kila kipande kizuri, lakini hakuna askari aliyewahi kuvaa mkusanyiko huo.

Hatua ya 1: Funga tarehe na mahali

"Roma ya mwisho" ni pana mno. Chagua kipindi kisichozidi miaka 50 na eneo moja, mfano mpaka wa mto Rhine, mwaka 300 hadi 350. Upanga unaotafutwa ni spatha, upanga mrefu ambao kufikia karne ya 3 ulikuwa umechukua nafasi ya gladius, upanga mfupi, hata kwa askari wa miguu.

Wataalamu huyagawa mabapa ya karne ya 2 hadi ya 4 katika makundi mawili makubwa. Straubing-Nydam ni jembamba na hupungua upana kidogo kuelekea ncha. Urefu wake ni kama mara 15 hadi 17 ya upana. Lauriacum-Hromówka ni pana, makali yake yanakwenda sambamba hadi karibu na ncha, na urefu ni kama mara 8 hadi 12 ya upana. Gawanya urefu kwa upana kabla ya kuamini maelezo yaliyoandikwa chini ya picha.

Hatua ya 2: Chagua upanga mmoja uwe mama wa kazi

Usichukue wastani wa panga kumi, kwa sababu wastani huzaa upanga ambao haukuwahi kuwepo. Chukua mmoja, na mingine iwe ya kujazia mapengo.

Hazina kubwa zaidi imo kwenye vinamasi vya Denmark na Ujerumani ya kaskazini, ambako silaha za majeshi yaliyoshindwa zilizamishwa majini kama sadaka. Kinamasi cha Nydam huko Denmark, kilichochimbwa na mwanaakiolojia Conrad Engelhardt kati ya 1859 na 1863, kimetoa panga nyingi, baadhi zikiwa na mihuri ya Kilatini. Hata hivyo waliozibeba huko hawakuwa askari wa Roma, kwa hiyo bapa linaweza kuwa la Kirumi na mpini ukawa wa kienyeji. Angalia pia aina ya udongo. Tindikali ya kinamasi cha Thorsberg ilikula chuma ikabakiza ngozi na nguo. Katika kinamasi cha Illerup, chuma kimehifadhika vizuri. Ukosefu wa kitu mahali fulani huenda ni kazi ya maji tu.

Kwa orodha, anza na kitabu cha Christian Miks cha 2007 kuhusu panga za Kirumi. Kimeandikwa kwa Kijerumani, ila michoro na vipimo vinasomeka hata kwa asiyeijua lugha hiyo.

Hatua ya 3: Iandikie makumbusho

Taja namba ya usajili ya kifaa, kisha omba vitu vinne: mchoro wa ukubwa halisi, picha ya eksirei, unene katika sehemu tano za bapa, na ripoti ya uhifadhi. Ukiomba "taarifa zote" utajibiwa kwa kijitabu cha watalii.

Picha ya kawaida haitoshi. Ikipigwa kwa pembeni, bapa hufupika. Kipimio kikiwekwa chini zaidi ya upanga, hesabu yote inapotoka. Eksirei ndiyo inayoonyesha mifereji, pamoja na pau za chuma zilizosokotwa na kuungwa kwa moto katikati ya bapa. Tazama vizuri hapo: pau zilizosokotwa zinaishia katikati, na makali ni vipande vingine vilivyoungwa pembeni. Vyuma vya mapambo vinavyouzwa leo vina michirizi hadi kwenye makali, na hilo humtia aibu fundi mbele ya anayejua.

Hatua ya 4: Tafuta unene na uzito

Hapa ndipo panga nyingi za kuigiza zinapogeuka mtaimbo. Kutu huvimba, kwa hiyo unene uliopimwa leo unaweza kuzidi wa asili. Wakati huohuo chuma kimeliwa, kwa hiyo uzito wa leo hausemi kitu. Piga hesabu.

Bapa lenye umbo la dengu lina eneo la mkato karibu theluthi mbili ya upana mara unene. Tuseme urefu ni sm 75. Kwenye shina, karibu na mpini, upana ni sm 4.5 na unene mm 5: eneo ni sm² 1.5. Karibu na ncha upana ni sm 3.6 na unene mm 3: sm² 0.72. Wastani 1.11 mara 75 ni sm³ 83. Zidisha kwa 7.85, yaani gramu za chuma katika kila sm³, unapata takribani gramu 650. Ukiacha mm 7 na sm 4.5 kuanzia mwanzo hadi mwisho, bapa lilelile linafika gramu 1,230. Ndiyo maana unene lazima upungue kuelekea ncha, jambo ambalo mchoro wa upande mmoja hauonyeshi.

Hatua ya 5: Mpini na ala

Mpini una vipande vitatu vya mti, mfupa au pembe ya ndovu: kikinga mkono, kishikio na kirungu. Msuka, mkia wa bapa unaoingia mpinini, hupita katikati ya vyote na kugongwa kichwa juu ya kipande kidogo cha chuma. Nati na skrubu hazina nafasi. Mpingo unapendeza, lakini ni mzito. Ukiutumia, mizani ya upanga itabadilika.

Ala ni mbao mbili nyembamba zilizofunikwa ngozi. Tumia mti mwepesi uliokauka kabisa, maana unyevu wa ndani hutia bapa kutu. Mkanda hupita kwenye kipitishio kilichofungwa usoni mwa ala. Kipitishio hiki, pamoja na kifuniko cha ncha, ndicho kinachobadilika haraka kwa mtindo. Tarehe yake isipooana na ya bapa, rudi Hatua ya 1.

Hatua ya 6: Sanamu zitumike kwa kazi yake

Sanamu za watawala wanne wa Roma zilizochongwa kwa jiwe jekundu, zilizoko Venice, za mwaka 300 hivi, zina panga zenye vichwa vya tai kwenye mipini. Zinakufundisha jinsi upanga unavyoning'inia na mkanda unapopita. Usipime kitu humo: jiwe hilo ni gumu mno na mchongaji alinenepesha kila kitu. Tena hao ni watawala. Kichwa cha tai hakimfai askari wa kawaida.

Hatua ya 7: Jedwali la ushahidi

Andika kila sehemu kwenye mstari wake, na mbele yake alama: A ikiwa imetoka kwenye upanga mama, B ikiwa imetoka kwenye upanga mwingine wa kipindi na eneo hilohilo, C ikiwa ni makisio. C zikizidi tatu, badilisha upanga mama. Kisha chonga mfano wa mbao wa ukubwa halisi, uushike, na umkabidhi mhunzi pamoja na jedwali na unene wa sehemu zote tano.