Somo: Jinsi Warumi walivyofikisha maji Nîmes bila pampu

Ukitaja mifereji ya Warumi, watu huwaza matao marefu. Matao ni sehemu ndogo tu. Kazi yenyewe ilikuwa kwenye vipimo, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni mfereji wa Nîmes, kusini mwa Ufaransa, wa karne ya 1 BK.

1. Tafuta chanzo kilicho juu kuliko mji. Walichagua chemchemi ya Eure, karibu na Uzès. Ukinyoosha mstari hadi Nîmes ni takribani kilomita 20, lakini vilima vimeziba njia. Mfereji ukazunguka kilomita 50 hivi.

2. Pima mteremko. Hapa nawavulia kofia. Tangu chemchemi hadi mjini maji yalishuka takribani mita 12.6 tu, yaani wastani wa sentimita 25 kwa kilomita. Ukikosea kidogo njiani, maji yanakwama. Chombo kimoja cha kupimia kiliitwa korobate: ubao wa futi 20 wenye miguu, na timazi (nyuzi zenye uzito mwishoni) zinaning'inia pembeni. Upepo ukizitikisa timazi, fundi anajaza maji kwenye mfuo uliochongwa juu ya ubao, kisha anatazama kama yamegusa kingo sawasawa pande zote. Leo tunatumia pimamaji kwa kanuni hiyohiyo.

3. Jenga, kisha fukia. Sehemu kubwa ya mfereji iko chini ya ardhi. Ndani walipiga lipu ya chokaa iliyochanganywa na vigae vilivyopondwa, isivuje.

4. Vuka bonde. Kwenye mto Gardon walisimamisha Pont du Gard, ngazi tatu za matao, kimo karibu mita 49. Kuna mawe yamechomoza ukutani hadi leo. Yaliachwa makusudi yashikilie majukwaa ya waashi.

5. Gawa maji. Mjini yaliingia kwenye birika la duara lenye matundu 10 ukutani, na kila tundu lilikuwa na bomba lake la madini ya risasi. Birika hilo bado lipo.

MASWALI

Mwalimu, kwa nini wasiyashushe maji bondeni kwa bomba, yapande upande wa pili?

Walijua kufanya hivyo, ndugu yangu. Mfereji wa Gier uliolisha Lyon ulivuka mabonde kwa mabomba ya risasi. Ila risasi ni ghali, na kule chini presha hupasua viungo.

Risasi si sumu?

Ni sumu, na Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, aliandika kwamba mabomba ya udongo ni salama zaidi. Kilichowapunguzia madhara ni maji kutiririka bila kusimama, pamoja na ukoko wa chokaa uliofunika bomba kwa ndani.

Huo ukoko haukuziba mfereji?

Uliuziba, dada. Usafishaji ulipolegea, ukoko ulifikia karibu nusu mita kila upande. Baadaye wanakijiji waliukata vipande kama matofali wakajengea, hata makanisa.