Mama kijacho wa mimba ya kwanza: weka haya sawa kabla uchungu haujaanza, na la damu liwe namba moja

Ukifika wiki ya 36 begi liwe limeshafungwa na lipo karibu na mlango, na kila mtu hapo nyumbani ajue lilipo. Weka kanga za kutosha, zilizofuliwa na kupigwa pasi, maana nyingine ni za kumpokelea mtoto. Weka pedi kubwa za uzazi, ndala, sabuni, gauni la kufunguka mbele, kofia na soksi za mtoto, nepi, beseni, chupa ya chai. Kuhusu glovu, mpira wa kulalia, pamba na vibanio vya kitovu usimsikilize jirani, uliza hapo hapo unapohudhuria kliniki wanataka uje na nini, kwa sababu kuna kituo kinakupa vyote na kuna kingine kinakuandikia karatasi mumeo akatafute duka la dawa usiku wa manane.

Kadi ya kliniki usiachane nayo hata ukienda sokoni. Nesi wa zamu hakujui, kadi ndo inayomwambia presha yako ilikuwaje na wingi wa damu ulikuwa ngapi.

Hela ziwepo kwenye simu na nyingine mkononi, mtandao huwa unagoma.

Usafiri: tafuta dereva wa bajaji au taksi anayelala jirani na namba yake iwe kwa watu watatu, maana uchungu ukikolea wewe huwezi hata kushika simu. Na kwa sisi wa Tanzania kuna namba 115 ya m-mama, kupiga ni bure, ni kwa ajili ya usafiri wa dharura wa mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga. Isevu leo.

Sasa lini uondoke. Mimba ya kwanza uchungu wake mara nyingi unachelewa, ukikimbilia hospitali na tumbo linalobana na kuachia ovyo watakupima wakute njia sentimita moja na watakurudisha. Hesabu wanayofundisha ni hii, maumivu yaje kila baada ya dakika tano, kila moja likae kama dakika nzima, na hali iende hivyo kwa saa nzima. Ila hiyo hesabu ni ya mtu anayekaa karibu. Kama uko pembezoni mwa Dar, Chanika au Kigamboni ndani huko, na hospitali uliyopangiwa ipo mjini, tena ni masika na barabara imejaa maji, ondoka mapema hata kama utakaa kwa ndugu wa karibu na hospitali. Na kuna mambo hayana kuhesabu dakika: chupa kupasuka, hasa maji yakiwa ya kijani, damu kutoka, mtoto kupunguza kucheza, kichwa kuuma sana huku unaona maluweluwe, degedege. Hayo unaondoka ulivyo, kanga zitaletwa.

Dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu, hapana. Nasema hapana hata kama anayekupa ni bibi yako mzaa mama na anakupenda. Zile dawa zinalazimisha mfuko wa uzazi ubane kwa nguvu bila kipimo, mtoto anakosa hewa, na mfuko unaweza kuchanika. Kama ulishakunywa, mwambie nesi ukifika, usifiche, wanatakiwa wajue kabla hawajakuwekea dripu ya uchungu juu yake.

Sasa la damu, hapa naomba tulia usome taratibu.

Mdogo wangu alijifungua mtoto wa kwanza, wa kike, salama kabisa, jioni. Mama mkwe wake alishafika na mtori, mawifi wamejaa kwenye korido, vigelegele vimeshapigwa, watu wanapiga simu mikoani. Saa moja haijaisha nesi akatoka anakimbia. Kondo la nyuma lilikuwa limeshatoka lote, hakuchanika, hakuna aliyemfanya vibaya, ila mfuko wa uzazi ulikuwa umelegea. Na hili mtu haambiwi kliniki mpaka aulize: pale kondo lilipobanduka mishipa inabaki wazi, kinachoifunga ni mfuko wenyewe kujikaza. Ndo maana ukishajifungua tu, ndani ya dakika moja, unatakiwa upigwe sindano ya oksitosini, na ndo maana nesi anarudi rudi kukubonyeza tumbo. Inauma ndio, lakini usimsukume mkono, anasikilizia kama mfuko umekuwa mgumu. Damu ikifika nusu lita, yaani ile chupa ndogo ya maji ya dukani, kitaalamu hapo umeshavuja damu nyingi, na mama ambaye damu yake ilikuwa kidogo tangu mwanzo anaweza kuzidiwa hata kabla haijafika hapo.

Na mdogo wangu damu yake ilikuwa kidogo. Kipimo cha mwisho kliniki kilisoma 8, mjamzito anatakiwa asiwe chini ya 11. Vile vidonge vya kuongeza damu alikuwa anapewa, vilikuwa vinamtia kichefuchefu na choo kigumu cheusi, akaogopa akaviacha kwenye droo. Hakuna aliyemwambia kwamba choo cheusi ni kawaida kwa vile vidonge, na kwamba ukinywa na chai havifanyi kazi vizuri, unatakiwa unywe na maji au juisi ya chungwa.

Basi wakampiga sindano nyingine, wakamsugua tumbo, dripu mikono yote miwili, kituo kikashindwa, akahamishiwa hospitali kubwa. Kule friji lilikuwa na damu ya grupu lake lakini haitoshi, wakatoka kwetu kuuliza nani anatoa. Tulikuwa wengi wallahi. Mmoja ana presha, mmoja ananyonyesha, mmoja katoa damu wiki chache nyuma, mwingine uzito wake haufiki. Waliobaki wakatoa, tukashusha pumzi, tukidhani sasa wanampelekea. Haiendi hivyo. Damu ya ndugu nayo lazima ipimwe kwanza, VVU, homa ya ini B na C, kaswende, halafu ioanishwe na ya mgonjwa, na hiyo inachukua muda, na yeye pale muda hana, midomo imeshakuwa myeupe na anasema anasikia baridi. Kilichomuokoa ni damu iliyokuwa imeshapimwa, ikaletwa kutoka kwingine, ya mtu ambaye hatutamjua maisha yetu yote, Mungu amlipe. Yuko hai, mtoto anasoma, ila alikaa wodini muda mrefu na maziwa yalichelewa sana kutoka, nayo pia inasababishwa na kuvuja damu nyingi.

Kwa hiyo fanya hivi. Grupu la damu ulijue sasa hivi, sio siku ya leba. Wiki za mwishoni kabla hujafika tarehe, mumeo na ndugu wawili watatu waende wakatoe damu kwenye kituo cha Damu Salama (mpango wa taifa wa kuchangia damu) au benki ya damu ya hospitali unayokwenda, ili siku yako iwepo iliyokwisha kupimwa. Mtoaji awe na miaka 18 mpaka 65, kilo 50 kwenda juu, mwenye afya, mwanaume anaweza kurudia kila miezi mitatu na mwanamke kila minne. Baba kijacho, hii ni kazi yako, wala usisubiri kuombwa. Vidonge vya damu meza vyote, kama vinakusumbua rudi kliniki useme, usiviweke droo. Na kama grupu lako ni negativu uliza mapema sindano ya anti-D (inazuia mwili wako usitengeneze kinga ya kupigana na damu ya mtoto) inapatikana wapi na bei gani, maana mtoto akiwa pozitivu unatakiwa uchomwe ndani ya saa 72 baada ya kujifungua na sio kila duka la dawa wanayo.

Ukishajifungua kaa hapo kituoni angalau saa 24 hata ukijisikia mzima. Pedi ikilowa yote ndani ya saa moja, au yakitoka mabonge, au kizunguzungu, ita nesi, na kama uko nyumbani rudi, hata iwe usiku wa siku ya tano.

Mtoto awekwe kifuani kwako ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa ya kwanza. Yale maziwa ya mwanzo ya njano usikamue ukamwaga, ndo yenye kinga. Hakuna maji, hakuna asali, hakuna glukosi, maziwa yako tu mpaka miezi sita. Kuoga asubiri saa 24 zipite. Kitovu kiache kikavu, asipakwe majivu, mate, samli wala kinyesi cha ng'ombe, ukishaona mtu anakuja na kikopo chake mzuie kwa heshima lakini mzuie. Chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio aulizwe nesi kabla hamjaondoka. Akigoma kunyonya, akichemka au akiwa wa baridi, akipumua haraka haraka, akishtuka shtuka, au akiwa wa njano siku ile ile ya kwanza, msimpeleke kwa mtu wa mitishamba, hospitali moja kwa moja.

Kukandwa na maji ya moto najua wamama zetu hawakubali kuliacha, lakini nimeona ngozi za watu zimeungua, na kama umepasuliwa kidonda hakiguswi kabisa. Maji ya uvuguvugu ya kuoga yanatosha. Ukipata homa, uchafu wenye harufu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au unalia tu kila siku na huna hamu ya kumshika mtoto, sema, usisubiri arobaini iishe. Wageni wanawe mikono, wenye mafua wasubiri, moshi wa mkaa usiingie chumbani, neti ishushwe hata mchana, na mtoto asilazwe katikati ya watu wazima waliochoka.