Namba za Kirumi: vunja kwanza ndo uandike

Nafundisha hesabu shule ya msingi na kila mwaka ni kilekile, mtoto alama zote saba anazo kichwani lakini mpe 49 aandike, anakuletea IL. Wazazi mnaosaidia homework, twende hivi.

Hatua ya 1: alama. I ni 1, V ni 5, X ni 10, L ni 50, C ni 100, D ni 500, M ni 1000. Basi, na sifuri haipo kabisa.

Hatua ya 2: kujumlisha na kutoa. Kubwa ikitangulia unajumlisha, VI ni 6, ndogo ikitangulia unatoa, IV ni 4. Kwenye kutoa ndo wengi wanakwama maana sio kila ndogo inaruhusiwa kukaa kushoto kwa kila kubwa: I inatolewa kwa V na X tu, X kwa L na C tu, C kwa D na M tu. V, L na D hazitolewi wala hazirudiwi, zile nyingine mwisho mara tatu mfululizo.

Hatua ya 3: kuandika. Vunja namba iwe maelfu, mamia, makumi na mamoja, halafu kila fungu liandike kivyake bila kuangalia jirani yake. Chukua 1964, mwaka wa Muungano: 1000 ni M, 900 ni CM, 60 ni LX, 4 ni IV, unganisha upate MCMLXIV. Sasa ile 49, 40 ni XL na 9 ni IX, kwa hiyo XLIX. Hata 1999 ni MCMXCIX, ndefu kweli ila ndo yenyewe, MIM hapana.

Hatua ya 4: kusoma. Shika penseli, zungushia kila ndogo iliyotangulia kubwa uzihesabu kama kitu kimoja. MDXCIII, mwaka Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa, unazungushia XC: 1000, 500, 90, 3, yani 1593. Asiyezungushia anajumlisha X na C zote anapata 1613, hili naliona sana kwenye madaftari.

Saa ya ukutani ikiwa na IIII msimwambie mtoto imekosewa, Warumi wenyewe waliandika hivyo pia, kwenye Colosseum kule Roma kuna mlango wa 44 umechongwa XLIIII. Ila kwenye mtihani aandike IV.

Mpeni ajaribu 94, 448 na 2026. Ya 448 ikitoka CDXLVIII, ameelewa.