Toeni mifuko ya salfa kwenye kuta za chumba cha uyoga

Ndugu zangu mnaolima uyoga, hasa nyie wa Tandahimba, Newala na huku Masasi, naandika sababu nimeingia tena banda la mama mmoja nikakuta kuta zote nne kazivika viroba vya salfa vilivyobaki msimu wa korosho, kavishona vizuri kabisa, na mifuko yake ya uyoga ina wiki ya tatu utando mweupe, yaani zile nyuzi changa za uyoga, umegoma kushuka, umeishia pale pale kwenye mbegu. Hela ya mbegu imekwenda, kuni zimekwenda, nguvu zake zimekwenda. Na siyo yeye peke yake.

Jamani, salfa tunaipuliza kwenye mikorosho ili iue ubwiri unga, na ubwiri unga ni ukungu. Uyoga nao ukoo wake ni huo huo. Sasa unaivika dawa ya ukungu ukutani halafu unapanda uyoga katikati?

Mnaniambia "bwana shamba mbona nimevifua mara tatu na sabuni ya unga". Salfa haiyeyuki kwenye maji! Fua mara kumi, unga unabaki umejibana kwenye nyuzi za kiroba, kikikauka na joto la mchana kila ukigusa ukuta unapukutika, na unaangukia kwenye chakula cha watu. Tena salfa inashika moto, na wengi mnachemshia majani ya mpunga ya kupandia uyoga kwa kuni hapo hapo pembeni, cheche ikiruka ule moshi wake unakaba roho.

Viroba vya sukari ni afadhali ila navyo vimefumwa, unyevu unapita, ukuta wa udongo unaloa kwa nyuma. Magunia ya katani yanaota ukungu wa kijani haraka, yaloweshe tu uyaning'inize mlangoni kama pazia, kila baada ya siku mbili fua, anika juani.

Cha kuvika ni nailoni nene ya kujengea, nyeupe au ya kuangaza, siyo nyeusi, sababu kwenye nyeusi doa la ukungu hulioni mpaka limeshasambaa. Giza la zile wiki tatu za mwanzo, utando unapojaa mfuko, unalipata kwa kuziba dirisha na kitambaa. Kabla ya nailoni ziba nyufa, paka chokaa mikono miwili, kati ya mkono na mkono siku moja, halafu subiri siku tatu ukuta ukauke. Siku tatu, siyo jioni ile ile! Ukivika ukuta mbichi unafungia maji ndani.

Usiigandamize nailoni kwenye udongo. Pigilia fito kwanza ili kuwe na nafasi ya sentimita 5 hewa ipite, na mchwa akipanda umwone. Chini iingie ndani juu ya sakafu sentimita 15, juu ibaki 15, na vipande vipandiane sentimita 30. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye ukuta wa mita 2 mzunguko wake ni mita 14, kwa nailoni yenye upana wa mita 2 unakata vipande 9 vya mita 2.3 kila kimoja, basi nunua mita 21. Ila pima upana dukani kwanza, mi nimeona watu wanarudi na pungufu. Kama paa ni makuti, hesabu na ya dari, makuti yanadondosha vumbi na wadudu.

Na msizibe kila kitu! Acha matundu mawili ya sentimita 30 kwa 30, moja sentimita 20 kutoka sakafuni, lingine juu ukuta wa pili, yote na wavu wa mbu. Uyoga ukikosa hewa unatoa shina refu na kofia ndogo, sokoni hauangaliwi. Ukivika vizuri utando unajaa mfuko mzima, mweupe, basi.

Kingine, miezi ya kupuliza mikorosho, Juni mpaka Septemba, jirani anapuliza alfajiri upepo umetulia, funga matundu kabla hajawasha mashine ufungue saa nne hivi vumbi likishatua. Miezi hiyo upepo ni wa kusi, kwa hiyo kama mikorosho iko kusini mwa banda, tundu la upande huo lihamishie upande wa kaskazini.